Aliacha nyumba mbili, lakini nyumbani kwake ni wapi?

Mwalimu wa lugha kijijini hana likizo. Watu wakioana ataitwa kukagua kadi ya mwaliko. Mtu akifariki ataitwa kuandika kijitabu cha mazishi. Mwaka jana niliitwa kwa hilo la pili. Rafiki yangu, mtu niliyefundisha naye miaka tisa, alifariki ghafla katika nyumba aliyokuwa amepanga mtaa wa Oruba, mjini Migori. Kwao ni Uriri, mwendo mfupi kwa matatu ukielekea Awendo.

Nikaandika ratiba kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Upande wa Kiingereza ulisema kwamba msafara ungetoka "funeral home" saa mbili asubuhi, upite kwenye "house" yake Oruba ili majirani wamuage, halafu uelekee kwenye "home" yake Uriri. (Siku hizi mochari nazo zimepanda cheo zikawa "home". Mwili unatoka "house", unalala "home", unaenda kuzikwa "home".) Upande wa Kiswahili nikaandika: kutoka mochari, kupitia nyumba yake, hadi nyumbani kwake. Nikajipongeza kimoyomoyo. "House" ni nyumba, "home" ni nyumbani. Nani angenikosoa?

Alinikosoa mzee mmoja, baba mdogo wa marehemu, tena mbele ya kamati nzima tukiwa tumekaa chini ya mwembe. Alivaa miwani, akasoma kurasa zote mbili polepole, akairudia ile ya Kiingereza.

"Japuonj," akaniita, yaani mwalimu, "hapa umeandika uongo."

Nikamuuliza ni wapi.

"Huyu mtoto hakuwa na home. Alikuwa na house mbili. Moja ya landlord huko Oruba, moja yake hapa ndani. Lakini dala ni ya babake."

Wazee wengine wakaitikia. Hakuna aliyecheka. Na ilikuwa kweli: rafiki yangu alikuwa amejenga nyumba ya mabati ya vyumba vitatu ndani ya boma la babake, ambaye naye alikwisha kufariki, na hakuwa bado ametoka kwenda kufungua boma lake mwenyewe. Nikatoa kalamu nirekebishe. Ndipo jioni mjane akanivuta kando. "Mwalimu," akasema, "wewe wacha vile uliandika. Ukitoa hiyo home, mimi kesho nitaambiwa nilikuwa mgeni hapa."

Basi nikabaki na maneno mawili mafupi ya Kiingereza mkononi, na kila moja lilikuwa na mtu wa kuumia.

Msomaji wa rika langu atakuwa amekwisha kukumbuka kesi. Wakili Silvano Melea Otieno, aliyejulikana zaidi kama S.M., alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong, walikokuwa na shamba. Nduguye, Joash Ochieng' Ougo, pamoja na ukoo wa Umira Kager, wakataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufaa, ambayo ilitoa uamuzi wake Mei 1987, na S.M. akazikwa Nyalgunga tarehe 23 mwezi huohuo, siku 154 baada ya kufariki. Magazeti ya miezi hiyo yaligombewa kama mpira wa kona.

Watu wanaikumbuka kesi ile kwa mambo ya ukabila, ya ndoa na ya haki za wanawake, na ni sawa. Mimi naikumbuka pia kama kesi ya msamiati. Upande wa ukoo ulishikilia kwamba Mjaluo anaweza kuwa na "house" Nairobi, hata ziwe tano, na akawa hana "home" huko. "Home" haijengwi kwa saruji peke yake. Mwenye kuifungua huenda alfajiri na mwanawe wa kwanza amebeba shoka na jogoo, mkewe amebeba moto, na mzee wa ukoo huwepo kuonyesha mahali. Bila hayo una paa tu. Korti ikasikia haya yote kwa Kiingereza, na wasomi wakafika kutoa ushahidi, akiwemo Profesa Odera Oruka wa falsafa, Chuo Kikuu cha Nairobi. Uamuzi wenyewe ulisimama juu ya sheria ya mila na nafasi yake katika maziko. Lakini mtu wa kawaida aliyefuatilia kesi ile redioni alibaki na maneno mawili kichwani, na mpaka leo ukimuuliza mzee wa Ndhiwa au Rongo tofauti ya "house" na "home" atakueleza vizuri kuliko kamusi.

Hapo ndipo ninapoanza kulalamika. Tunapofundisha maneno yanayokaribiana maana, tunawaambia wanafunzi kwamba "house" ni jengo na "home" ni hisia. Nimesahihisha insha zisizohesabika zenye maelezo hayo. Ni maelezo ya Mwingereza wa leo, ambaye anaweza kuita "home" chumba cha kupanga alichohamia Jumamosi iliyopita, mradi ameweka sufuria na picha ya mamake. Wauzaji wa majumba wa Nairobi wameyachukua yalivyo. Mabango yao hayauzi "houses" hata siku moja, yanauza "homes", hata kama ni shimo la msingi lenye maji ya mvua. "Home" iliyotamkwa katika kesi ya S.M. si hiyo. Ile ilikuwa dala imevaa suti ya Kiingereza. Mashahidi walisema Kijaluo kwa maneno ya Kiingereza, na korti ikawaelewa kwa sababu Wakenya wengi, wa makabila mengi, hufanya hivyohivyo. Ndiyo maana Kiingereza chetu kikalazimika kuzoea usemi wa "rural home", ambao umejaa katika matangazo ya vifo. Tumeongeza neno kwa sababu neno moja halikutosha kubeba mzigo tuliolitwika.

Ila nisiwaonee Waingereza. Lugha yao ya kale ilikuwa karibu na sisi kuliko wanavyojua. Neno lililozaa "home" lilitumiwa kwa boma, kijiji au milki ya watu fulani, na limebaki kwenye mikia ya majina ya miji yao. Birmingham ni mji wa watu wa Beorma. Nottingham ni wa watu wa Snot, jina ambalo Mwingereza wa leo hawezi kulitamka bila kucheka. Sasa tazama ramani ya huku kwetu: Karachuonyo, Kasipul na Kabondo upande wa Homa Bay; Kamagambo, Kanyamkago na Kadem upande wa Migori. Hilo "Ka" la mwanzoni ndilo lilelile. Ni kwa Rachuonyo, kwa Nyamkago. Na Kiswahili kinafanya vivyo hivyo bila kuiga mtu: Mombasa kuna Kwa Jomvu na Kwa Bulo, Nairobi kuna Mukuru kwa Njenga. Shikilia hiyo "kwa", msomaji, tutaihitaji sasa hivi.

Nilipokwama na kijitabu changu nilifanya makosa ambayo nimeyaona kwa wafasiri wengi, wakiwemo wa magazeti. Nilitafuta nomino. Niliamini kwamba kama Kiingereza kina nomino mbili na Kijaluo kina "ot" na "dala", basi Kiswahili nacho lazima kiwe na nomino mbili, na kama sizijui ni uvivu wangu. Nikazijaribu zote.

"Makao" ilinijia kwanza. Inafaa kwa makao makuu ya kampuni na makao ya watoto yatima, na ndiyo sababu haifai kwenye mazishi, inanusa ofisi. "Makazi" ni ya wapangaji wa miji na ya wakimbizi. "Maskani" ni neno zuri, lina ladha ya utenzi, lakini Unguja maskani ni kijiwe cha vijana na wafuasi wa chama, na Nairobi mtu akisema yuko maskani usimtafute kwake, mtafute walipokaa wenzake kona ya barabara. "Boma" ndilo lililokaribia. Wakenya wengi wa bara wanalielewa kuwa ni ua wenye nyumba kadhaa za familia moja, na ndicho walichotaka kuonyesha waliojenga Bomas of Kenya pale Lang'ata, kabla hapajawa mahali pa kuhesabia kura za urais. Lakini boma pia ni zizi, na enzi za mkoloni lilikuwa ofisi ya serikali, na nilipoandika "mwili utafikishwa bomani" nikaona askari wenye bunduki getini.

Basi nikaacha nomino nikasikiliza watu wanavyosema. Hapo nikagundua kwamba Kiswahili kimekuwa na tofauti hii siku zote, ila hakiiweki kwenye nomino. Kinaiweka kwenye kivumishi kinachofuata.

Chukua neno "nyumbani". Kwa umbo lake ni "nyumba" iliyotiwa "ni" ya mahali, na kwa hiyo lingepaswa kuwa na maana ya ndani ya nyumba, basi. Sasa liongezee kimilikishi. "Nyumbani mwangu" ni ndani ya kuta zangu; mna viti, mna kitanda, mna panya. "Nyumbani kwangu" si kuta tena. Ni upande wa dunia ambao mimi ni wake. Mtu anaweza kuwa nyumbani kwake akiwa amesimama shambani, hajaingia chini ya paa lolote. "Mwangu" ni "house". "Kwangu" ni "home". Na "kwangu" haihitaji hata neno nyumbani kuitangulia: "karibu kwangu", "twende kwetu", "mrudishe kwao". Neno ambalo mfasiri analitafuta kamusini usiku kucha, mama muuza samaki wa Muhuru Bay analitamka mara hamsini kwa siku.

Tena kuna jambo ambalo Kiingereza hakiwezi kabisa. Kiingereza kinasema "his home", na hapo kimefika mwisho wa kamba. Kiswahili kinakulazimisha uchague: nyumbani kwake, au nyumbani kwao? "Kwake" ni pale alipopafungua yeye. "Kwao" ni kwa watu wake, kwa babake na mababu, awe amejenga hapo au hajajenga. Kijana wa miaka ishirini na mzee wa sabini wote wana kwao, lakini si wote wana kwake. Mzee wa Uriri aliponiambia kwamba nimeandika uongo, hakuwa na ugomvi na neno "nyumbani". Ugomvi wake ulikuwa na herufi chache za mwisho. Niliandika "nyumbani kwake". Ilipaswa kuwa "nyumbani kwao".

Nikiri jingine, maana nimewaadhibu wanafunzi wengi kwa ajili yake. Huku Migori, kama ilivyo sehemu nyingi za bara, watu hawasemi "nyumbani mwangu". Wanasema "kwa nyumba". "Ako kwa nyumba." "Nimewacha simu kwa nyumba." Nimepiga wino mwekundu usemi huo kwa miaka ishirini, na sarufi iko upande wangu. Lakini sikiliza vizuri watu haohao: "ako kwa nyumba" ni yuko ndani, hapo mlangoni tu, gonga. "Ako nyumbani" ni amesafiri, ameenda kwao, rudi wiki ijayo. Kondakta wa matatu ya Isebania hakosei hata siku moja. Wamepoteza kiambishi kimoja cha mahali, wakaona maana mbili zimegongana, wakajitengenezea njia nyingine ya kuzitenganisha. Sheng nayo ilishamaliza kazi hiyo zamani: keja ni pa kulipia kodi, ocha ni kwenu. Jaribu kumwambia kijana kwamba babu yake amezikwa kwa keja uone atakavyokutazama.

Sisemi "kwa nyumba" iingie kwenye mtihani. Nasema kwamba tunayemwona hajui lugha anaweza kuwa anatunza tofauti ambayo sisi wenye kalamu nyekundu tumeiachilia.

Turudi chini ya mwembe. "Nyumbani kwao" ingemtosha mzee. Ingemtosha mjane? Hapana, na alikuwa na sababu. Kwao mumewe si kwao yeye; kwao yeye ni Oyugis. Neno ambalo mila inaliona sahihi lilimwacha amesimama katikati, na watoto watatu. Nilitumia usiku mzima juu ya jambo hili, na sitajifanya kwamba kiambishi kiliweza kulitatua. Ila nilipata msaada mahali ambapo sikuutarajia, kwenye sheria.

Tulizoea kudhani kwamba katika mizani ya maneno haya mawili "home" ndiyo nzito na "house" ni mabati tu. Sheria ya Urithi ya Kenya, ile ya Sura ya 160, inaona vingine. Humo "house" si jengo. Ni mke, awe hai au amekufa wakati mumewe anapofariki, pamoja na watoto wa mke huyo. Na kifungu cha 40 kinasema kwamba mtu aliyeoa zaidi ya mmoja akifa bila wosia, mali yake hugawanywa kwanza baina ya nyumba, kwa hesabu ya watoto wa kila nyumba, na mke aliyebaki hai huongezwa kwenye hesabu. Hii ni "ot" ya Kijaluo kabisa, ambayo nayo ni jengo na ni mama na wanawe kwa wakati mmoja. Ni nyumba ya Kiswahili pia. Tunasema nyumba kubwa na nyumba ndogo, tunasema hawa ni wa nyumba moja, na hakuna anayefikiria matofali. Waliotunga sheria ile walitumia neno la Kiingereza, lakini walilijaza maana ya Kiafrika, kama mashahidi wa kesi ya S.M. walivyofanya na neno mwenzake.

Na baba wa rafiki yangu alikuwa na wake wawili. Ardhi ya Uriri ilikuwa bado imeandikwa kwa jina la mzee huyo, haijagawanywa. Kwa hiyo kile ambacho mjane aliogopa kukipoteza hakikuwa ndani ya "home" aliyoipigania. Kilikuwa ndani ya neno lile jingine, ambalo mimi na yeye tulilidharau.

Asubuhi nilimpelekea mzee karatasi mpya. Kiingereza kilisema msafara utaelekea "his father's home, Uriri, where his house stands". Kiswahili kilisema: "nyumbani kwao, Uriri, ilipo nyumba yake". Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hiyo 'stands' umeiweka ya nini?" akaniuliza. Nikamwambia kwamba nyumba ikisimama ina maana ina watu ndani. Akatafakari, kisha akasema wachapishe. Shemeji yangu aliisoma mara mbili. Hakunishukuru, na sikutarajia anishukuru. Siku hiyo alikuwa na mengine.

Miezi saba baadaye alinipigia simu. Alikuwa kwenye foleni ya kuandikiwa barua ya chifu, ile ya kuorodhesha warithi, kwa ajili ya ardhi ya baba mkwe. Alitaka kujua namna ya kuandika kwa Kiingereza jina la ukoo. Tukiwa bado tunaongea nikasikia karani akimuuliza kwa Kiswahili cha huku kwetu: "Mama, wewe uko nyumba ya ngapi?"

"Ya pili," akajibu. "Andika nyumba ya pili, watu wanne."